Asipotee Mtu: Kulilea Darasa Linalosoma kwa Mbali

Kwa wiki tatu daftari langu la mahudhurio lilisema mwanafunzi wangu mmoja yupo. Kila asubuhi jina lake lilitokea kwenye skrini, kamera imezimwa, kipaza sauti kimezimwa, nami nikatia alama ya vema na kuendelea na somo. Nilipompigia mama yake kuulizia kazi ambazo hazikuletwa, ndipo nilipojua kwamba simu ilikuwa inafunguliwa saa mbili, inaachwa mezani, na binti anakwenda zake. Nilipozungumza naye mwenyewe hakujitetea. Alisema wiki ya kwanza nilimuuliza swali, akaanza kujibu, sauti yake ikakatika katikati, nami nikamwita mwingine. Alisubiri nirudi kwake. Sikurudi.

Mwongozo huu umetokana na kosa hilo. Nimewaandikia hasa walimu wenzangu, ingawa mzazi na kiongozi wa wanafunzi nao wataona sehemu yao. Sitazungumzia namna ya kutengeneza video nzuri wala programu ipi inazishinda nyingine. Nitazungumzia yale ambayo darasa la ana kwa ana huyafanya bila sisi kuyapanga: mtu kuonwa, kuulizwa, kungojwa, kukumbukwa. Palipo na kuta, mambo hayo hutokea yenyewe mlangoni, mstarini, kwenye dawati la watu wawili. Kuta zikiondoka, lazima yaandikwe kwenye ratiba na apatikane mtu wa kuyasimamia, la sivyo hayatokei.

Hatua ya 1: Jua nani ana nini, na anakipata saa ngapi

Mwaka 2020, shule zilipofungwa karibu dunia nzima kwa sababu ya UVIKO-19, UNICEF ilikadiria kwamba wanafunzi wasiopungua milioni 463 hawakuweza kabisa kufikiwa na masomo ya mbali, si kwa redio, si kwa televisheni, si kwa intaneti. Wengi wetu hupanga somo kwanza, halafu tukagundua baadaye nani kaachwa nje. Anza na watu.

Usikusanye habari hizi kwa fomu ya mtandaoni. Asiye na intaneti hataijaza, nawe utabaki na majibu ya wale ambao hukuwa na wasiwasi nao. Piga simu, au mtume mtu anayeishi karibu na mwanafunzi. Uliza maswali machache na uandike majibu kwenye daftari lako, si kwenye ukurasa ambao darasa zima linaweza kuuona:

Simu au kompyuta anayosomea ni ya nani, na mwenyewe huwa nayo nyumbani saa ngapi? Bando likiisha, hukaa muda gani kabla ya kupata jingine? Anaposoma anakaa wapi, na ni nani wengine wako hapo? Nani nyumbani anaweza kumsaidia, na je, kuna mtu ambaye yeye ndiye anamhudumia, kama mdogo wake au mgonjwa? La mwisho: ni mwenzake yupi wa darasani anayewasiliana naye bila kuagizwa na mtu?

Swali hilo la mwisho watu hulipuuza, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Ukilipata jibu la kila mmoja, chora majina kwenye karatasi na uyaunganishe kwa mistari. Utaona mara moja wale wenye mistari mitano, na utaona jina moja au mawili yaliyokaa pembeni bila mstari hata mmoja. Hao ndio wa kwanza kupigiwa simu, hata kama alama zao ni nzuri. Mwanafunzi hodari aliye peke yake anaweza kukaa muda mrefu kabla hujagundua kwamba ameacha kujifunza, kwa kuwa bado anazo akiba za zamani za kujibia mitihani.

Hatua ya 2: Chagua njia inayomfikia mwenye kidogo kuliko wote

Ukishajua hali zao, chagua njia moja kuu ambayo hata mwenye simu ya vitufe au mwenye simu ya kuazima anaweza kuifuata. Njia nyingine ziwe nyongeza tu. Kama somo linawezekana kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu na picha ya ukurasa mmoja, usilifanye liwe video ya dakika arobaini. Mwenye bando kubwa hapungukiwi na kitu, na mwenye bando dogo anabaki nanyi.

Jambo hili si geni. Septemba 1937, ugonjwa wa polio ulichelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago. Masomo yakatangazwa redioni, ratiba na maelekezo yakachapishwa magazetini, na walimu wakawekwa kwenye simu kuwajibu wazazi na wanafunzi waliokwama. Redio ndiyo iliyovuma, lakini kinachonigusa mimi ni ile simu: hata katika mpango wa haraka, kuna mtu aliyekumbuka kwamba anayesikiliza naye atataka kuuliza.

Kama mnatumia makundi ya WhatsApp au yanayofanana nayo, fanyeni mawili. La kwanza ni la kazi, na walimu peke yao ndio wanaoandika humo: mada ya leo, kazi, siku ya mwisho. La pili ni la mazungumzo, la kila mtu. Yakichanganywa, kazi hufukiwa chini ya salamu na vichekesho, na mwanafunzi anayefungua simu ya baba yake saa tatu usiku anakuta ujumbe mia mbili, asijue aanzie wapi. Weka pia saa ambazo kundi la mazungumzo linalala. Watoto wataendelea kuandikiana pembeni, na hilo ni jema tu, ila asiwepo anayehisi kwamba amekosa jambo kwa sababu alilala.

Hatua ya 3: Piga simu kila wiki

Kama utaweza kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Nchini Botswana, mwaka uleule wa 2020, watafiti pamoja na shirika moja la elimu walijaribu njia mbili kwa familia zenye simu za kawaida. Kundi la kwanza lilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi la pili lilipata ujumbe huohuo, kisha likapigiwa simu ya dakika 15 hadi 20 kila wiki, mtoto na mzazi wake wakiwa pamoja wanasikiliza na kufanya swali. Waliopigiwa simu walipiga hatua katika hesabu. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti kubwa. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine tano, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu ikaendelea kuonyesha faida. Hapakuhitajika intaneti wala kamera, ila sauti ya mtu inayokuita kwa jina, kwa siku inayojulikana, na inayorudi wiki inayofuata.

Najua pingamizi lako la kwanza, kwa sababu lilikuwa langu: muda. Hebu tupige hesabu. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja dakika 10, ni dakika 400 kwa wiki. Mwalimu mmoja akizibeba peke yake ni dakika 80 kila siku ya kazi, na hatadumu. Lakini darasa hilo likiwa na walimu wanne, kila mmoja akachukua wanafunzi 10, ni dakika 20 kwa siku. Gaweni majina, na mwanafunzi ajue nani ndiye mpigaji wake. Asibadilishwe kila wiki, maana kinachojengwa hapa ni mazoea.

Simu yenyewe iwe na sehemu tatu. Anza na jambo lisilo la shule, na liwe jambo mahususi ulilolikumbuka kutoka simu iliyopita. "Habari za nyumbani" humalizwa na "nzuri", na hapo mazungumzo yamekufa. Sikiliza tofauti:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, hujambo? Juzi uliniambia mdogo wako anaumwa. Anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Jana alicheza."

"Afadhali. Na wewe ulipata kulala?"

Mtoto anajua sasa kwamba alichokisema wiki iliyopita kilifika mahali. Ndipo ingia kwenye kazi, na hapo pia uwe mahususi. Usiulize "umeelewa?" kwa sababu kila mtu huelewa. Mwambie, "Nisomee sentensi ya mwisho uliyoandika," au "Fungua swali la nne, nieleze umeanzaje." Mfanye swali moja pamoja mpaka liishe. Ukimaliza, fungeni kwa ahadi ya pande mbili: yeye aseme atakachofanya kabla ya simu ijayo, nawe useme siku na saa utakayopiga. Ongeza na hili: "Ukikwama kabla ya hapo, nibipu tu, nitakupigia." Kisha piga kweli. Ahadi moja ukiivunja, itakuchukua wiki nyingi kuirejesha imani hiyo.

Baada ya kukata simu andika mstari mmoja: tarehe, alichosema, ulichoahidi. Bila mstari huo, wiki ijayo utauliza "habari za nyumbani."

Kuna adabu ya simu hizi ambayo lazima ilindwe. Mzazi au mlezi ajue mapema kwamba mtoto wake atapigiwa, na nani, na saa ngapi. Pigeni mchana au jioni ya mapema. Kwa watoto wadogo mzazi awepo na simu iwe kwenye sauti ya nje. Na isitokee kamwe kwamba namba yako huonekana kwenye simu yao siku ya kosa tu. Mzazi akijifunza kwamba mwalimu akipiga kuna ubaya, hatapokea.

Hatua ya 4: Fungua mlango kabla ya somo, uchelewe kuufunga

Kwa masomo ya moja kwa moja mtandaoni, ingia dakika kumi kabla. Usiandae chochote cha kufundisha katika dakika hizo. Kila anayeingia, msalimie kwa jina lake. Mwulize jambo dogo ambalo halina jibu la makosa: amesikia nini leo dirishani, mkono wake uko karibu na kitu gani, ni kitu gani kimemchekesha tangu jana. Asiyeweza kusema aandike. Anayeandika, soma jibu lake kwa sauti, ukimtaja.

Somo likiisha, usikate. Sema, "Nitakuwepo dakika kumi, atakaye abaki." Wiki ya kwanza mnaweza kubaki wawili. Wiki ya tatu utamsikia yule ambaye hakuwahi kuuliza swali mbele za watu akisema, "Mwalimu, samahani, lile jambo la mwanzo..." Nimepokea maswali ya maana zaidi katika dakika hizo kuliko katika saa nzima iliyozitangulia.

Katika maeneo ya mashambani ya Australia, watoto walioishi mbali kabisa na shule walianza kufundishwa kwa redio ya mawasiliano kutoka Alice Springs mwaka 1951, wakitumia mtandao wa redio wa madaktari waliowafikia wagonjwa kwa ndege. Wazo hilo lilitoka kwa Adelaide Miethke, mwalimu aliyeona jinsi watoto wa huko walivyokuwa wenye haya kwa sababu ya upweke. Mwanzoni matangazo yalikuwa ya upande mmoja: mwalimu anasema, watoto wanasikiliza. Haukupita muda mrefu, kikaongezwa kipindi cha maswali na majibu mwisho wa kila somo. Sisi wenye vifaa bora kuliko vile mara nyingi tunairudia ile hali ya mwanzo, tunasema tu.

Na sasa kanuni niliyojifunza kwa gharama. Sauti ya mwanafunzi ikikatika, usimwite mwingine. Sema kwa sauti: "Mtandao umekukatisha, tumekusikia mpaka uliposema hivi. Tunakusubiri." Hesabu kimyakimya hadi kumi na tano. Asiporudi, sema, "Nitarudi kwako," uandike jina lake pembeni, na kabla somo halijaisha urudi. Akiwa ametoka kabisa, mtumie ujumbe siku hiyohiyo na umwombe amalizie jibu lake kwa sauti, kisha ulisikilizishe darasa kesho yake.

Hatua ya 5: Vikundi vidogo vinavyodumu

Darasa la watu arobaini kwenye skrini ni umati. Mtu huweza kujificha katika umati hata bila kukusudia. Vikundi vya watu wanne au watano ndivyo vinavyomrudishia mwanafunzi hali ya kuwa na watu wake.

Vipange kwa ile karatasi ya mistari. Yule asiye na mstari, muweke na mtu mmoja mpole ambaye una hakika atamjibu. Wale wawili walioandikana majina, usiwatenganishe kwa kisingizio cha kuwachanganya, maana katika masomo ya mbali urafiki uliopo ni mali, na hatuna ziada ya kutupa. Kikundi kikae pamoja si chini ya mwezi mzima. Vile vyumba vidogo ambavyo programu hugawa watu ovyo kila siku havizai kitu zaidi ya dakika nne za ukimya na kamera zilizozimwa.

Kisha kipe kikundi kazi inayowalazimu kuhitajiana. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walianzisha huko Austin, Texas, namna ya kufundisha inayofanana na kuunganisha vipande vya picha iliyokatwa: kila mwanafunzi anapewa sehemu yake ya somo, anaisoma mpaka aijue, kisha anawafundisha wenzake, kwa kuwa hakuna mwingine aliye nayo. Lengo lao lilikuwa kupunguza uhasama baina ya watoto waliowekwa darasa moja baada ya ubaguzi wa rangi shuleni kuondolewa. Inafaa sana kwa masomo ya mbali, na haihitaji intaneti. Mada ya mzunguko wa maji, kwa mfano, ikatwe vipande vinne: kuvukizwa kwa maji, kutokea kwa mawingu, mvua, na maji yanayoingia ardhini. Kila mmoja apate kipande chake kwa ujumbe au karatasi, awe na siku moja ya kukisoma, kisha apige simu au atume ujumbe wa sauti wa dakika mbili kuwaeleza wengine. Siku ya tatu uliza swali ambalo halijibiki bila vipande vyote vinne.

Utaona jambo likitokea: asipotokea mmoja, wenzake wenyewe wanamtafuta. "Uko wapi, tunakungoja wewe." Sijui maneno yaliyo matamu zaidi kwa mtoto anayeanza kujiona hana kazi.

Usiwape alama ya pamoja. Aliye na mtandao mbovu asibebeshwe lawama ya kuwaangusha wenzake. Alama ziwe za mtu mmoja mmoja, ushirikiano uwe wa wote. Na kikundi kikibaki na watu wawili wanaoshiriki, kiunganishe na kingine wiki hiyohiyo, usingoje mwezi uishe.

Hatua ya 6: Kamera isiwe sharti

Najua ilivyo vigumu kuongea na miraba myeusi. Hata hivyo nakusihi usilazimishe kamera. Nyuma ya mwanafunzi kuna chumba, na ndani ya chumba kuna maisha ya watu ambao hawakukubali kuonekana na familia arobaini. Kuna mwenye aibu ya ukuta wake, kuna anayesomea kitandani kwa sababu hapana pengine, kuna ambaye bando lake halibebi video.

Hata kwa mwenye kila kitu, video inachosha kwa namna yake. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu sababu nne za uchovu huo: nyuso kubwa zinazokutazama kwa karibu bila kupumzika, kujitazama mwenyewe muda wote, mwili kufungwa mahali pamoja, na akili kufanya kazi ya ziada kutafuta na kutoa ishara ambazo ana kwa ana huja bila jitihada. Kutokana na hayo, wafundishe wanafunzi kuificha picha yao wenyewe kwenye skrini, ruhusu watembee wakisikiliza, na vunja somo la moja kwa moja kila baada ya dakika ishirini hivi kwa kazi ya mkono. Omba kamera kwa dakika mbili za kusalimiana, kwa atakaye, na uzizime zote, ya kwako ikiwemo, mnapofanya zoezi.

Badala ya uso, tafuta alama nyingine za uwepo: neno moja kwenye ujumbe, picha ya daftari, sauti ya kujibu "nipo" kwa namna yake. Ukizipata hizo, umemwona.

Hatua ya 7: Acha nafasi ya mambo yasiyo somo

Nusu saa kwa wiki inatosha, na iendeshwe na wanafunzi wenyewe. Wanaweza kutunga hadithi ya mnyororo, kila mmoja akiongeza dakika moja ya sauti pale mwenzake alipoishia. Wanaweza kutegeana vitendawili, kuimba, kuonyesha walichokitengeneza kwa mikono. Isiwe lazima na isipewe alama. Wewe uwepo, usikilize, uzungumze kidogo.

Hatua ya 8: Soma dalili, na uwe na mpangilio wa kufuata

Mwanafunzi anayejitenga hatoi tangazo. Majibu yake yanafupika. Kazi zinaletwa saa nane za usiku, au zinaletwa zote kwa mkupuo halafu kimya. Anajitoa kwenye kundi la mazungumzo bila neno. Aliyekuwa mcheshi anaanza kuandika "sawa" kwa kila kitu. Dalili moja peke yake si kitu. Mbili au tatu ndani ya wiki moja zisiachwe.

Muwe mmekubaliana mapema nani anafanya nini. Akikosa siku moja, mwenza wake wa kikundi amtumie ujumbe wa kirafiki: "Tulikukosa leo, nikutumie nilichoandika?" Akikosa siku mbili mfululizo, mpigaji wake anapiga. Wiki ikipita bila kupatikana, mwalimu wa darasa awasiliane na mlezi kwa namba nyingine au kwa jirani, na panapowezekana mtu amtembelee. Swali la kwanza liwe "Uko salama?" na swali la kazi lije baadaye, pengine siku nyingine kabisa.

Utakaposikia mambo mazito, kama kupigwa, kuguswa vibaya, njaa, au mtoto kusema amechoka kuishi, tulia usikilize mpaka amalize. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie ukweli: "Umefanya vyema kuniambia. Jambo hili siwezi kulibeba peke yangu, nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukulinda." Usimkatie simu mpaka ujue yuko na nani wakati huo. Kisha mwone siku hiyohiyo mshauri wa shule, mkuu wa shule au ofisi inayoshughulikia ulinzi wa watoto mahali mlipo, na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake, na msaada utafutwe saa hiyohiyo. Namba hizo zote ziwe kwenye simu yako kabla hujazihitaji.

Uonevu nao huhamia mtandaoni pamoja na darasa, na huko haulali. Mara nyingi unaanza kwa picha ya skrini ya mwenzao aliyezubaa mbele ya kamera, ikasambazwa na kuchekwa. Waambieni wazi tangu siku ya kwanza kwamba kumpiga picha mwenzako darasani bila idhini ni kosa. Likitokea, hifadhi ushahidi, ifute picha kwenye kundi, zungumza na aliyeumizwa kwanza, halafu na aliyetenda, kila mmoja peke yake. Kuwakutanisha haraka mbele ya kundi humuumiza mara ya pili yule aliyekwisha kuumia.

Hatua ya 9: Kwa mzazi au mlezi

Ndugu mzazi, hatukuombi uwe mwalimu wa fizikia. Tunakuomba mambo matatu. Mpe mtoto mahali pake pa kukaa, hata pawe pembe ya mkeka, na saa ambazo watu wa nyumbani wanajua hatumwi. Mwache awe na muda wa kuongea na wenzake ambao si wa masomo. Mazungumzo yale yanayoonekana kama porojo ndiyo yanayomrudisha kwenye vitabu kesho. Na jioni, badala ya kumwuliza amepata ngapi, mwombe akufundishe jambo moja alilojifunza. Ukiona amebadilika usingizi, kula au hasira, tuambie mapema. Hatutakuhukumu.

Hatua ya 10: Mwalimu naye ana mwili

Weka saa zako na uzitangaze. Simu ya kazi izimwe usiku, isipokuwa kwa dharura mliyokubaliana. Tafuta mwalimu mwenzako mmoja ambaye mtapigiana kila Ijumaa, kila mmoja aeleze mwanafunzi anayemtia wasiwasi. Mzigo wa habari za watoto ukibebwa peke yako unakufanya uanze kukwepa kuuliza.

Hatua ya 11: Mpokee anayerudi

Watarudi, ukiwatafuta. Na namna utakavyowapokea itaamua kama watakaa.

Usimpokee na orodha ya kazi zote alizokosa. Mpe kazi moja, ya leo, ambayo anaweza kuimaliza leo. Zile za nyuma chagueni pamoja tatu zenye uzito, nyingine uzisamehe. Usimwulize mbele ya darasa alikuwa wapi. Kabla hajaingia, zungumza na kikundi chake: wasimtanie kwa kutoonekana, wampe kipande cha kazi kama wengine, kisicho kidogo.

Yule binti wa wiki tatu alirudi hivyo. Nilimpigia Jumapili jioni, mama yake akiwa pembeni, nikamwomba radhi kwa lile swali nililolikatiza, nikamwambia kwamba kesho nitaliuliza tena na nitamwita yeye. Asubuhi nikamwita. Sauti ikakatika, kama awali. Nikasema tumekusikia mpaka hapo, tunasubiri, na darasa zima likanyamaza. Mwenzake wa kikundi akaandika kwenye ujumbe, "Usijali, endelea." Sauti ikarudi, akamalizia jibu lake tangu neno lilipokatikia.